Mwavuli Hununuliwa Kiangazi

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa madereva na wenye magari, kuhusu kubana mafuta ya gari. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha na michoro iliyooneshwa ukutani nimeiacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, habari za asubuhi!

Naomba nianze na swali, na nataka kuona mikono. Nani hapa, alipokwenda kujaza mafuta wiki hii, alisimama akikodolea macho zile tarakimu za pampu zinavyokimbia? Nyoosheni. Haya, karibu ukumbi mzima, asanteni. Swali la pili: nani anajua gari lake lilichoma lita ngapi mwezi uliopita? Siulizi pesa. Pesa mnazijua, zinauma. Nauliza lita.

Naona mikono mitatu. Mmoja ni wa mke wangu, ambaye daftari la gari analiona kila siku mezani, kwa hiyo huyo simhesabu.

Mikono miwili, jamani! Ukumbi mzima!

Mimi ni fundi. Nimelala chini ya magari ya watu kwa miaka 20 na ushei, na nataka niwaambie siri ya gereji. Mafuta yakipanda, mimi sihitaji redio. Simu yangu inaniambia. "Fundi, nitafutie gari linalobana mafuta." "Fundi, hili langu linakunywa kama ngamia, nisaidie niliuze." Yakishuka, simu inanyamaza. Ikipita miezi sita hivi, inalia tena, na anayepiga ni yuleyule: "Fundi, kuna jipu moja nimeliona mahali, injini kubwa, juu juu hivi, unalionaje?" Yuleyule! Sauti ileile!

Bei ya mafuta hubadilika kwa mwezi, wakati mwingine kwa wiki. Gari utakaa nalo miaka 10, ukimuuzia mwenzako naye atakaa nalo miaka mingine 10. Sasa niambieni, ni akili gani hii ya kuchagua kitu cha miaka 20 kwa kuangalia bei ya mwezi mmoja?

Wala msidhani ni sisi tu. Turudi nyuma kidogo.

Oktoba 1973 vilizuka vita kati ya Israeli kwa upande mmoja na Misri na Syria kwa upande wa pili. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikapunguza uzalishaji, zikazinyima kabisa mafuta Marekani, Uholanzi na nyingine zilizoonekana kuiunga mkono Israeli. Pipa la mafuta ghafi, ambalo ni lita 159, lilikuwa dola 3 hivi. Januari 1974 lilikuwa dola 11.65. Miezi mitatu tu, bei imekaribia mara nne.

Uholanzi ilipiga marufuku magari siku za Jumapili, na watoto wakaendesha baiskeli katikati ya barabara kuu. Marekani, kwenye majimbo kadhaa, mwenye gari lenye namba ya witiri alijaza siku yake na mwenye namba ya shufwa akangoja ya kwake, na mwendo ukawekewa kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi. Vile vigari vidogo vya Kijapani vilivyokuwa vikichekwa, kina Honda Civic na Toyota Corolla, vikaanza kugombewa. Mwaka 1975 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kupunguza ulafi wa magari yao, ikaanza kuuma kwa magari ya toleo la 1978.

Je, ililipa? Ililipa sana. Mwaka 1975 gari jipya la Marekani kwa wastani lilikwenda kama kilomita 5.5 kwa lita. Kufikia 1987 lilikuwa limevuka kilomita 9. Hapo ndipo kila mtu angesema, haya, tumejifunza.

Lakini mwaka 1986 bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka. Watu wakasahau. Wakaanza kununua majipu na pikapu, kila mwaka kubwa kuliko la mwaka jana, na ilipofika 2004 wastani ulikuwa umerudi nyuma hadi kilomita 8 na kidogo. Hebu lifikirieni hilo na mimi kama fundi. Miaka 17! Kompyuta zimeingia ndani ya injini, mafuta yanapulizwa kwa vipimo vya kitaalamu, ufundi umekwenda mbele kweli kweli, na wastani umerudi nyuma. Ufundi ulikwenda wapi? Uliliwa na uzito. Uliliwa na nguvu za farasi ambazo mwenye gari anazitumia mara mbili kwa mwaka, tena akiwa na hasira.

Ikaja 2008. Mwezi Julai pipa likafika dola 147. Watu wakayauza magari makubwa kwa bei ya kutupa, wakapigania madogo kwa bei ya kuruka. Desemba ya mwaka huohuo pipa lilikuwa chini ya dola 40. Aliyeuza Julai aliuza rahisi akanunua ghali. Na tangu hapo tumeona mengine: Aprili 2020, magari ya dunia nzima yakiwa yameegeshwa kwa sababu ya korona, kuna siku bei ya mkataba wa kununua mafuta ghafi ya Marekani ilimaliza siku ikiwa chini ya sifuri, mwuzaji akimlipa mnunuzi ayachukue. Miaka miwili haijatimia, Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, pipa likakaribia dola 140. (Kuna aliyeniuliza wakati wa chai kwa nini pipa likishuka nusu, bei ya pampu haishuki nusu. Kwa sababu ndani ya lita unayonunua mna kodi, mna usafishaji, mna meli na malori, na hivyo havishuki pamoja na pipa. Na ni kweli kwamba bei hupanda mbio na kushuka kwa kujivuta. Wanauchumi wamelipima jambo hilo, si maneno ya vijiweni.)

Mwavuli hununuliwa kiangazi, ndugu zangu. Mvua ikishakunyeshea, mwuza miavuli ndiye anayepanga bei.

Mnataka mfano wa mtu aliyetengeneza mwavuli kiangazi? Ninao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafuta yalikuwa rahisi, hakuna aliyekuwa akiyalilia. Toyota wakakusanya wahandisi chini ya Takeshi Uchiyamada, wakaambiwa watengeneze gari la karne inayokuja. Wakachagua njia ngumu: injini ya petroli na mota ya umeme ndani ya gari moja, ndilo tunaloliita gari la mseto. Mwishoni mwa 1995 gari la majaribio likawa tayari. Wakaliwasha. Halikwenda. Wakatafuta tatizo, wakarudia. Halikwenda. Siku 49, mabwana, gari limesimama palepale, na hao ni wahandisi, si mafundi wa chini ya mti kama mimi. Siku lilipokubali kusogea lilikwenda kama mita 500, likafa tena.

Desemba 1997 gari hilo, Prius, likaanza kuuzwa Japani. Mafuta yalikuwa yanazidi kushuka bei! Wapo walioliona kama kichekesho. Ilipofika 2008 na zile dola 147, wenzao ndiyo kwanza wanakuna vichwa, Toyota wana miaka zaidi ya kumi ya kukosea na kurekebisha.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na hapa naomba msisinzie, maana hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa na macho yao wenyewe.

Alinijia bwana mmoja na mkewe. Wana magari mawili. Pikapu ya kazi, inakwenda kilomita 5 kwa lita. Na gari dogo la mama, linakwenda 15. Kila moja linatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Wana pesa ya kubadilisha gari moja tu. Bwana anasema: "Fundi, tumeamua. Tunauza hili dogo tunachukua la mseto linalokwenda 25. Tumeruka kilomita 10 kwa kila lita! Ile pikapu, hata tukibadilisha, tutapata inayokwenda 8, tofauti ni kilomita 3 tu, haina maana."

Nani anakubaliana na bwana? Msiogope. Naona wengi. Hata mimi ningekubali, kama nisingekuwa na kalamu.

Nikachukua kipande cha boksi la chujio, nikaandika mgongoni. Gari dogo sasa hivi linachoma lita 67 kwa mwezi. Likija la mseto litachoma 40. Mmeokoa lita 27. Pikapu sasa hivi inachoma lita 200. Ikija ile ya kilomita 8 kwa lita, itachoma 125. Mmeokoa lita 75.

Lita 75 kwa lita 27! Ile "tofauti ya kilomita 3 isiyo na maana" imeishinda ile ya kilomita 10 karibu mara tatu. Bwana alikichukua kile kipande cha boksi, akakigeuza, akaangalia upande wa pili, sijui alidhani jibu lingine limeandikwa huko. Mama hakusema neno. Alimtazama tu mumewe, kwa sababu baadaye nilikuja kujua kwamba yeye ndiye aliyesema tangu mwanzo iondoke pikapu.

Kosa hili si la bwana yule peke yake. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Larrick na Soll, walilionesha mwaka 2008: mtu akipewa umbali kwa kila lita au galoni, anakosea kupima akiba. Mpe mafuta kwa kila umbali, yaani lita ngapi kwa kilomita 100, anapata. Kwa hiyo mtu akikuambia gari hili linakwenda kilomita kadhaa kwa lita, geuza. Lita ngapi kwa kilomita 100? Kisha zidisha kwa safari zako. Lita ngapi kwa mwezi? Ukilikumbuka swali moja tu la leo, likumbuke hilo. Lita ngapi?

Na ukiuliza hivyo, utagundua kwamba hatulazimiki wote kukimbilia gari la ajabu. Tunalazimika kuanza na gari lafi kuliko yote, linalotembea sana kuliko yote. Mzee mwenye jipu kubwa analoliendesha Ijumaa kwa Ijumaa, kilomita 10 kwenda na kurudi, mwacheni mzee na jipu lake. Kijana mwenye mkweche wa teksi anaozunguka nao kutwa kucha, huyo ndiye tumkimbilie.

Haya, gari gani basi? Kwanza tuelewe mafuta yanakwenda wapi. Chukua lita moja ya petroli, igawe kwenye vikombe vinne. Kwa gari la kawaida, katika matumizi ya kawaida, vikombe vitatu na kidogo vinatoka kama joto: kwenye rejeta, kwenye moshi wa ekzosi, kwenye misuguano ya injini. Kinachosukuma matairi hakijai hata kikombe kimoja. Na hicho nacho, kila ukikanyaga breki, unakigeuza kuwa joto kwenye diski. Mmewahi kugusa diski ya breki ya gari lililotoka kwenye foleni? Msijaribu. Hilo joto linalounguza vidole ni mafuta yako uliyoyalipia.

Gari la mseto linafanya ujanja hapo tu. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa dinamo, inarudisha sehemu ya ule mwendo kwenye betri. Ukisimama kwenye foleni, injini inazimika. Kwa hiyo faida yake kubwa iko wapi? Kwenye kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Mjini. Nilikuwa na mteja wa safari ndefu, anatembea barabara kuu tupu kutoka alfajiri hadi jioni, akaambiwa na mwuzaji kwamba la mseto litampunguzia mafuta kwa nusu. Alinunua. Alikuja kwangu amenuna, anataka nimtafutie kasoro. Gari lilikuwa zima. Kule hakanyagi breki, hakuna cha kurudishwa. Kosa halikuwa la gari, aliuziwa jibu la swali la mtu mwingine.

Na wanaonunua la mseto lililotumika, tafadhali, kabla ya kutoa pesa fungueni siti ya nyuma. Kwenye magari mengi ya aina hiyo pembeni mwa siti kuna tundu linalovuta hewa ya kupozea betri. Nimeshawahi kutoa humo blanketi zima la vumbi na nywele za mbwa. Betri ilikuwa inaungua polepole kwa joto, na mwenyewe anasema "gari la mseto ni utapeli".

La umeme kamili sitalizungumzia sana, maana mwenzangu atakayenifuata ndiye mtaalamu. Niseme tu kwamba mota ya umeme inageuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme kuwa mwendo, hesabu ya vikombe inageuka kichwa chini. Swali lako liwe: nitalichaji wapi, na natembea umbali gani kwa siku? Mwenye pa kulichaji anapolala ana nusu ya jibu.

Sasa wengi humu mnaniangalia kwa macho ya "fundi, sisi hatuna pesa ya kubadilisha gari lolote". Nawajua, na mimi ni mmoja wenu. Gari langu lina miaka 17. Basi nijitoe aibu mbele yenu.

Nilipohama nyumba nilifunga keria juu ya gari kubebea magodoro. Siku moja ya kazi. Ile keria ilikaa juu mwaka mzima na miezi! Mimi, fundi, ninayewafokea watu. Mke wangu ndiye aliyenunua daftari, akalitupa juu ya dashibodi, akasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikaanza kuandika kwa kumridhisha. Unajaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, unaandika kilomita. Unaendesha wiki yako. Unajaza tena mpaka ijikate, unaandika lita zilizoingia na kilomita ulizotembea. Mstari wa kwanza, ninao hapa, kurasa zimeshaingia grisi: lita 38.4, kilomita 412. Lita 9.3 kwa kilomita 100. Nikaona haya. Gari lile si la kula hivyo.

Nikashusha keria. Nikapima upepo, matairi mawili yalikuwa chini. Nikapandisha gari jeki nikazungusha magurudumu kwa mkono, la nyuma kulia likawa zito, breki ilikuwa haiachii vizuri. Nilikuwa natembea nimekanyaga breki, miezi sijui mingapi! Baada ya hapo daftari linasema lita 8.4. Sikununua gari. Nilinunua daftari, na vipuri vya breki visivyojaza kiganja.

Na mwendo, vijana, mwendo! Ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 120, upinzani wa hewa unaongezeka kwa asilimia 44. Kwa safari ya kilomita 60 umeokoa dakika ngapi? Sita. Dakika sita, halafu unafika unaegesha, unakaa ndani ya gari robo saa ukiangalia simu.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi, na nisipolisema nitakuwa sijawatendea haki. Mwaka 1865 Mwingereza Jevons, mwanauchumi, aliona kwamba injini za mvuke zilipoanza kubana makaa ya mawe, makaa hayakupungua matumizi. Yaliongezeka, kwa sababu mvuke ulikuwa rahisi na kila mtu akautaka. Jirani yangu alinunua gari dogo linalobana kweli. Zamani alikwenda dukani kwa miguu. Siku hizi anakwenda kwa gari, "si halili kitu hili". Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa magari, wanaolipima jambo hili wanasema akiba hailiwi yote, sehemu kubwa hubaki. Lakini kwa jirani yangu, wallahi, imeliwa yote na amebakiwa na tumbo.

Mwenyekiti ananionesha saa, kwa hiyo ninaacha. Nimekuja na madaftari madogo, yako mezani pale mlangoni, kila mtu achukue moja. Na nimekuja na geji ya upepo na pampu. Wakati wa mapumziko nitakuwa nje, tupitie gari moja moja. Nitaanza na ile pikapu nyeupe iliyoegeshwa karibu na lango. Nilipokuwa naingia niliona tairi lake la nyuma kushoto limebonyea, na juu lina keria tupu. Mwenyewe yuko humu, nimemwona anacheka tangu nilipotaja ya kwangu.